Kompyuta, Muarobaini na Vidonge Vyako



Tangu wakati wa korona, mwaka 2020, Waswahili wenzangu hapa wananiuliza: "Sista, si wanasayansi wameshathibitisha kwa kompyuta kwamba muarobaini unatibu?" Ujumbe wa namna hiyo ulizunguka sana kwenye simu zetu. Naomba nieleze hiyo kompyuta hufanya nini.

Kirusi kina protini zake, na protini ina kishimo mfano wa tundu la kufuli. Dawa nyingi ni funguo za kuingia humo. Mti mmoja una kemikali nyingi mno, na kuzijaribu moja moja maabara ni kazi ya miaka. Kwa hiyo umbo la kila kemikali linaingizwa kwenye kompyuta, programu inaligeuzageuza tunduni na kutoa alama: huu unakaa, huu haukai. Mwaka 2020 Conrad Simoben, Fidele Ntie-Kang na wenzao walichapisha hazina ya kemikali zaidi ya 1800 zilizotokana hasa na mimea ya Afrika Mashariki, ili zichambuliwe hivyo.

Lakini alama nzuri ni posa tu, ndoa bado. Kompyuta haijui umechemsha majani mangapi, wala figo zako zikoje. Baada yake kuna maabara, wanyama, kisha watu, na nyingi huishia njiani.

Simaanishi miti yetu haina kitu. Metformini ya kisukari ilianzia kwenye mmea wa Ulaya. Artemisinini ya malaria ilitengwa China mwaka 1972 kutoka mmea wa tiba ya asili, na Tu Youyou akapata Nobel mwaka 2015. Hata hivyo WHO haishauri kunywa chai ya majani yake kutibu malaria, kwa kuwa kiasi cha dawa ndani yake hubadilika-badilika.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kuchanganya. Muarobaini unaweza kushusha sukari. Ukiunywa pamoja na insulini, sukari inaweza kushuka mno: jasho, kutetemeka, hata kuzimia. Wanaotumia warfarini wakichanganya na baadhi ya mitishamba wanaweza kuvuja damu. Na ile St John's wort inayouzwa madukani hapa hapa Uingereza hupunguza nguvu za ARV kadhaa na vidonge vya uzazi wa mpango. Ni mitishamba ya Wazungu, lakini hatari ni ile ile!

Wengi wetu tukiulizwa na GP "unatumia dawa gani?" tunataja vidonge tu, ile aliyotuma mama kutoka nyumbani tunaificha, tukiogopa kuchekwa. Itaje, hata kwa jina la kikwenu. Usiache vidonge vyako kabla ya kuongea naye. Ukipata madhara, mpango wa Yellow Card wa MHRA hupokea taarifa za mitishamba pia. Na mfamasia wa mtaani kwako atakusikiliza bila miadi wala malipo. Nenda na chupa yenyewe.