Mfanyakazi Asiyesemeshwa

Mkono wa mtu ukikatwa na mashine, taarifa huandikwa. Mshahara ukicheleweshwa, tawi hupiga kelele. Lakini mfanyakazi akifanywa kama kwamba hayupo, hapana ajuaye jambo hilo liandikwe katika daftari gani.

Tumtazame mtunza ghala aliyekataa kutia sahihi hati ya mali isiyofika. Hakufukuzwa, wala hakutukanwa. Ila tangu siku ile vikao hufanywa bila yeye kuarifiwa. Katika kundi la simu ambamo zamu na safari hupangwa, jina lake limeondolewa. Naye akiingia wenzake wakinywa chai, mazungumzo hukatika. Mshahara wake apata wote. Akienda kushitaki, atasema nini? Kwamba watu hawakumsalimu? Atachekwa. Ndio ubaya wa silaha hii: haiachi alama, na anayeitumia aweza kuapa kwamba hakutenda neno.

Kutotenda huko kuna nguvu kuliko tunavyodhani. Mwaka 2000 mtaalamu Kipling Williams na wenzake walitangaza jaribio walilolifanya kwa njia ya intaneti kwa watu 1,486 wa nchi 62. Lilikuwa mchezo mdogo wa kurushiana kitu kwenye kioo cha kompyuta. Walionyimwa zamu walijiona wanyonge na wasio na thamani, na hali wale waliowanyima hawakuwajua hata kwa sura. Ikiwa mchezo wa dakika chache wamwumiza mtu hivyo, miezi sita katika chumba kimoja na watu awajuao itakuwaje? Tena uchunguzi wa Jane O'Reilly, Sandra Robinson na wenzao, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba watu kazini huliona jambo la kumpuuza mwenzao kuwa jepesi kuliko kumsumbua. Kumbe aliyepuuzwa ndiye aliyeelekea zaidi kudhoofika na kuacha kazi.

Wakubwa wa kazi hupenda kumwita mtu wa namna hii mvivu. Ni kweli, huja kwa saa na kuondoka kwa saa. Akiona hitilafu hasemi. Lakini amwambie nani? Wengine hugeuka wakali, wakagombana hata na wasiohusika. Wako na wa tatu, ambao kwa maoni yetu ndio wa kuogopewa zaidi, ingawa huonekana wamekuwa wema: hao hukubali kila neno ili warudishwe kundini. Mtunza ghala wetu, baada ya mwaka mzima wa kimya, aweza kuitia sahihi ile hati. Hapo afya ya mtu mmoja imeharibiwa, na mali ya umma nayo imekwenda.

Chama kililijua jambo hili zamani. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 ulitaka mabaraza ya wafanyakazi yaundwe katika mashirika ya umma, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, katika fungu lake la 15, ukawakataza viongozi majivuno na dharau. Migomo iliyofuata hata mwaka 1973 haikuwa ya mishahara peke yake. Mara nyingi wafanyakazi walilalamikia kudharauliwa na mameneja, na wengine waliwafungia milango mameneja hao. Baraza lilikuwapo, lakini mtu aweza kuketi barazani na bado asisikilizwe.

Watatwambia kwamba kutenga ni desturi yetu wenyewe. Naam, katika vijiji vingi asiyehudhuria misiba ya wenzake hususwa. Lakini yule huambiwa kosa lake, hutozwa faini, akisha kulipa hurudi. Kule ofisini hapana shauri lililosikilizwa, wala mlango wa kurudi. Na haya hayafanywi na wakubwa tu. Wafanyakazi nasi twajua kumnyamazia mwenzetu kwa sababu ya kabila lake, au ugonjwa wake, au kwa kuwa ni mwanamke aliyepandishwa cheo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, yakataza ubaguzi wa namna hiyo, na yauhesabu usumbufu unaotokana nao kuwa ni ubaguzi. Kadhalika yatambua kwamba mfanyakazi aliyeacha kazi kwa kuwa mwajiri ameifanya isivumilike ni kama ameachishwa, naye aweza kwenda mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ni jambo jema, ila anayefika huko kwa njia hiyo amekwisha kuipoteza kazi, na ushahidi wa kimya ni mgumu kuupata.

Kwa hiyo twayaomba matawi ya vyama vya wafanyakazi yaanze na lile linaloweza kuhesabiwa. Kila kikao kiwe na orodha ya walioarifiwa na tarehe waliyoarifiwa. Zamu na safari zibandikwe ubaoni, zisipangwe katika simu za wachache. Na mwakilishi wa tawi akiona jina moja limekosekana katika orodha tatu mfululizo, asingojee barua ya malalamiko. Aende mwenyewe hadi ghalani, akaulize.