Texas: Wauzaji wa umeme mia, nyaya zile zile

Katika jiji la Houston, yuniti moja tu ya umeme inaweza kumpunguzia mpangaji bili kwa dola 100, au kumwongezea kiasi hicho hicho. Mita haina kasoro na hakuna aliyemwibia. Imeandikwa kwenye mkataba aliokubali mwenyewe. Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania wanaohamia Texas hulijua jambo hili wakiwa wamechelewa, bili ikishafika.

Kwetu umeme hauchaguliwi. Ukihamia nyumba mpya Dar es Salaam unaulizia namba ya mita, unanunua LUKU, unaingiza namba, taa zinawaka. Nairobi ni tokeni za Kenya Power. Muuzaji ni mmoja na bei yake imeidhinishwa na mamlaka. Texas iliachana na mtindo huo. Sheria iliyopitishwa mwaka 1999, George W. Bush akiwa gavana, iliitenganisha kazi ya kuuza umeme na kazi ya kuusafirisha, na kuanzia Januari 1, 2002 wateja wa sehemu kubwa ya jimbo wakawa wanajichagulia kampuni. Leo kampuni za kuchagua zinapita mia moja. Ila si kila mji: San Antonio na Austin zina mashirika yao ya umeme yanayomilikiwa na jiji, na huko mteja hana cha kuchagua.

Jambo moja lisemwe mapema, kwa sababu wauzaji wengi hawalitaji: nyaya ni zile zile. Dallas na Fort Worth, nyaya, nguzo na mita ni za Oncor. Houston ni za CenterPoint. Kimbunga kikiangusha nguzo mtaani, mafundi wa kampuni ya nyaya ndio wanaokuja, uwe unamlipa muuzaji huyu au yule. Gharama ya nyaya nayo inaingia kwenye bili yako kwa muuzaji yeyote utakayemchukua. Kwa hiyo anayekugongea mlango akidai kwamba umeme wake haukatiki anakudanganya. Anachouza ni bei na masharti, basi.

Tuje kwenye bei. Sheria inamtaka kila muuzaji atoe karatasi ya maelezo, maarufu kwa herufi EFL, yenye wastani wa bei ya yuniti kwa anayetumia yuniti 500, 1,000 na 2,000 kwa mwezi. Tume ya Huduma za Umma ya Texas inaendesha tovuti ya Power to Choose, ambako mipango hii hulinganishwa. Wauzaji wanajua fika kwamba macho ya mteja hutua kwenye bei ya yuniti 1,000, na mipango mingine imetengenezwa ing'are hapo tu.

Chukua mfano. Muuzaji anatoza senti 18 kwa yuniti, nyaya zikiwemo, na anakurudishia dola 100 ukifikisha yuniti 1,000 kwa mwezi. Ukitumia 1,000 kamili, dola 180 zinashuka hadi 80, yaani senti 8 kwa yuniti. Bei hiyo ndiyo inayoweza kukaa juu kabisa kwenye orodha. Ukitumia 999, harudishi kitu: unalipa dola 179 na senti 82. Ukitumia 2,000 unalipa dola 260, senti 13 kwa yuniti. Agosti kiyoyozi kikinguruma usiku na mchana utaipita 1,000 bila kujijua. Lakini Aprili, hali ya hewa ikiwa nzuri, mtu wa nyumba ya chumba kimoja hafiki huko hata akijitahidi, na kila yuniti anailipia senti 18. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Ajabu ni kwamba anayezima taa na kubana matumizi ndiye anayeadhibiwa.

Mipango hiyo ni halali. Kwa maoni yangu haikupaswa kuwa halali, kwa kuwa inamtwika mpangaji kazi ya mhasibu, na mzigo unamlemea zaidi mgeni ambaye bado anajifunza Kiingereza na anayetaka friji liwake leo hii watoto wanywe maziwa.

Hatari kubwa zaidi ilionekana Februari 2021. Baridi kali ililikumba jimbo, mitambo ikaganda, na zaidi ya nyumba na biashara milioni 4 zikakosa umeme. Takwimu za jimbo zilihesabu vifo 246. Bei ya jumla sokoni ilikaa kwa siku kadhaa kwenye kikomo chake, dola 9 kwa yuniti. Wengi wenye mikataba ya bei isiyobadilika hawakuguswa na bei hiyo. Wateja wa kampuni ya Griddy, waliokuwa wakilipa bei ya jumla kama ilivyo, walipata bili za maelfu ya dola. Mwezi uliofuata kampuni hiyo iliomba kufilisika, na mwaka huo huo bunge la Texas likapiga marufuku mipango ya bei ya jumla kwa wateja wa majumbani. Mipango ya bei inayobadilika mwezi hadi mwezi bado ipo.

Mgeni ana kikwazo kingine, amana. Asiye na historia ya mikopo Marekani anaweza kudaiwa mamia ya dola kabla hajawashiwa umeme. Wengi hukimbilia mpango wa kulipa kabla, ambao kwao ni kama LUKU waliyoizoea. Hauhitaji amana kubwa, lakini mara nyingi bei ya yuniti iko juu na salio likiisha umeme unazimwa. Ufae kwa kuanzia, usiwe makao.

Ndugu yako akihitaji ushauri, mwambie atafute kwanza matumizi yake ya miezi 12, maana mita za kisasa huyatunza kwenye kumbukumbu. Kama ndiyo kwanza anahamia, amwulize jirani mwenye nyumba ya ukubwa ule ule. Akishapata namba hizo, akokotoe bili ya kila mwezi kwa masharti ya EFL, kisha ajumlishe mwaka mzima. Mara nyingi mpango usio na zawadi wala umeme wa bure usiku, wenye bei moja kwa miezi 12, ndio unaoshinda. Asimwonyeshe bili mtu wa mlangoni, kwani namba iliyomo, ESI ID, inaweza kutumika kumhamishia kwa muuzaji mwingine. Akihama nyumba katikati ya mkataba, hadaiwi faini ya kuuvunja, mradi athibitishe anwani mpya.

Zaidi ya yote, aijue tarehe ya mwisho wa mkataba. Ikipita bila yeye kuchagua, anaangukia kwenye bei ya mwezi hadi mwezi, ambayo aghalabu ni ghali sana. Kuanzia siku 14 kabla ya tarehe hiyo ana ruhusa ya kuhamia kwingine bila faini. Mpigie simu leo umuulize. Kama haikumbuki, aifungue bili yake: tarehe hiyo imeandikwa humo.