Sufuria Yetu na Udongo wa Guinea

Sufuria ya aluminiamu huanza kama udongo mwekundu uitwao boksiti. Akiba kubwa kabisa duniani iko Guinea, Afrika Magharibi. Tangu 1973 treni huubeba kutoka Sangarédi hadi bandari ya Kamsar, na karibu wote hupanda meli ukiwa mbichi. Vumbi ndilo linalobaki, hata juu ya nguo zilizoanikwa. Wamama wa Kolwezi wanalijua vumbi la namna hiyo!

Mwaka 2017 vijana wa Boké waliingia barabarani kwa hasira: utajiri unapita mlangoni, nyumbani hakuna umeme wala maji.

Na shamba likichukuliwa? Mama ndiye aliyelilima, lakini mara nyingi fidia huhesabiwa mikononi mwa wanaume wakubwa wa familia.