Kuchagua Kinasasauti kwa Kazi ya Mwalimu wa Shule ya Msingi

Miongoni mwa zana za kufundishia lugha, kinasasauti kina nafasi ya pekee. Chati humwonyesha mwanafunzi neno. Kinasasauti humrejeshea neno hilo kama alivyolitamka mwenyewe, likasikilizwa mara mbili na mara tatu, hata mwalimu na mwanafunzi wakubaliane juu ya kilichosemwa. Lakini zana hii ikichaguliwa vibaya hudhuru. Mwalimu anayetegemea sauti iliyofifia anaweza kumwandikia mtoto kosa ambalo hakulifanya. Kwa hiyo tutaeleza hapa namna ya kuchagua kinasasauti kidogo cha dijitali, tukichukua mfano wa mwanachuo anayekwenda mazoezi ya kufundisha katika kata ya Mpapura, Mtwara Vijijini.

Vyombo vya kunasa sauti vilifika kusini zamani. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani kutoka Leipzig, alisafiri kutoka Lindi hadi Masasi na Newala akiwa na fonografu, akanasa nyimbo za wenyeji juu ya mitungi ya nta. Kila mtungi ulichukua dakika chache tu, na nta hulainika kwa joto. Baadaye zikaja tepu, kisha kaseti. Leo kifaa kinachoenea mfukoni hunasa kwa saa nyingi. Hata hivyo, swali la msingi halijabadilika: je, kinachorudi sikioni ndicho kilichotoka kinywani?

1. Kazi itangulie kifaa

Kabla ya kwenda dukani, mwalimu aandike kazi atakazozifanya. Kwa mwalimu wa Mpapura tunaona kazi mbili kubwa:

(a) Kunasa usomaji wa wanafunzi. Watoto wengi wa huko husikia Kimakonde nyumbani, na Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia. Mwalimu anahitaji kupima matamshi yao kwa haki.

(b) Kunasa ngano, vitendawili na historia kutoka kwa wazee. Mzee akifariki, masimulizi yake hayanaswi tena.

Kazi hizi hazihitaji kifaa cha wanamuziki chenye matundu mengi ya nyaya. Zinahitaji kifaa kinachonasa vizuri sauti ya mtu mmoja.

2. Kina cha unasaji

Kifaa cha dijitali hupima sauti mara nyingi sana kila sekunde na kuandika vipimo hivyo kwa tarakimu. Kinaweza kunasa mitetemo isiyozidi nusu ya idadi ya vipimo. Kikipima mara 8,000 kwa sekunde, hunasa mitetemo isiyofikia 4,000 kwa sekunde. Kikipima mara 44,100, hunasa hadi karibu 22,000, na sikio la binadamu haliendi mbali zaidi ya 20,000.

Jambo hili linamhusu sana mwalimu wa Kiswahili. Sehemu kubwa ya nguvu ya sauti s iko juu ya mitetemo 4,000. Ikikatwa, s hukaribiana na th na f. Ndiyo maana katika simu za kawaida za waya majina huchanganywa na msemaji hulazimika kutaja herufi moja moja. Basi kifaa kilichowekwa katika hali ya kunasa muda mrefu kinaweza kumfanya mtoto aliyetamka “thamani” aonekane ametamka “samani”.

Tunashauri vipimo 44,100 au zaidi, na faili la WAV, ambalo halipunguzi kitu. Faili la MP3 ni dogo kwa sababu hutupa sehemu ya sauti. Lifae kwa kusambaza nakala, lisiwe nakala ya asili. WAV ya njia moja, yenye biti 16, huchukua karibu megabaiti 5.3 kwa dakika. Kipindi cha dakika 40 huchukua basi karibu megabaiti 212. Kadi ya gigabaiti 32 hutosha kwa takriban saa 100.

3. Maikrofoni na kiwango cha sauti

Maikrofoni nzuri iliyo mbali hushindwa na ya wastani iliyo karibu. Kila umbali unapoongezeka maradufu, nguvu ya sauti ya msemaji hupungua kwa desibeli 6, ilhali kelele za darasa hubaki zilivyo. Kifaa kiwekwe kati ya sentimita 20 na 30 kutoka kinywani, pembeni kidogo ili pumzi isikipige.

Chagua kifaa chenye tundu la maikrofoni ya nje na tundu la visikizi vya masikioni. Sponji ya kuzuia upepo si pambo: wakati wa kusi, simulizi linalonaswa chini ya mkorosho laweza kufunikwa na mngurumo wa upepo.

Tena, kifaa kiwe na uwezo wa kuzima urekebishaji wa sauti unaojiendesha. Urekebishaji huo hupandisha sauti kila msemaji anaponyamaza, hivyo mtoto anapofikiri neno, kelele za nje hujaa. Mwalimu aweke kiwango mwenyewe, vilele vya sauti vikifika karibu desibeli 12 chini ya kikomo.

4. Umeme na hifadhi

Pasipo umeme wa uhakika, kifaa kinachotumia betri za kawaida za AA kina faida, kwani za akiba hubebwa mfukoni. Kila jioni, nakala ihamishwe mahali pawili, nayo faili ipewe tarehe, kijiji na somo. Ruhusa ya mzee, au ya mzazi wa mtoto, itangulie unasaji.

5. Jaribio kabla ya kununua

Bei na jina la kiwanda visikuamulie. Omba mwenzako asome jozi hizi bila kufuata mpangilio: thamani na samani, dhana na zana, kadhi na kazi. Nasa karibu, kisha kwa mita tatu chini ya paa la bati. Mpe mtu wa tatu, ambaye hakusikia usomaji, aandike anachokisikia. Akikosea neno lililotamkwa sawasawa, kifaa au mpangilio wake haufai. Simu janja ikifaulu jaribio hili, itumike. Hakuna haja ya kununua kingine.

Kwa kumalizia, kinasasauti ni shahidi wa mtoto mbele ya mwalimu, na wa mzee mbele ya vizazi vijavyo. Shahidi huchunguzwa kwanza, ndipo aaminiwe.

Zoezi

1. Fanyeni jaribio la sehemu ya 5 kwa vifaa viwili tofauti, mkalinganishe makosa.
2. Kwa nini urekebishaji wa sauti unaojiendesha haufai katika kupima usomaji?
3. Tungeni jozi nyingine tano za maneno zinazofaa kwa jaribio hilo.