Bei ya kiungo chipukizi: kipimo kiko mikononi mwa nani?

Mchimbaji mdogo wa Kolwezi anapofikisha magunia yake ya kobalti kwenye depo, mnunuzi hutoa kifaa ambacho wachimbaji hukiita Metorex, hupima, kisha hutaja bei. Malalamiko ya wachimbaji ni ya siku nyingi: kipimo ni cha mnunuzi. Biashara ya wachezaji chipukizi mjini Lubumbashi inaendeshwa vivyo hivyo, na anayepunjwa zaidi ni kiungo. Katika mitaa kama Naviundu, mbali na uwanja wa TP Mazembe ulioko Kamalondo, timu ya kartie, yaani ya mtaa, inaweza kumlea kijana miaka mitano bila kubaki na karatasi moja inayomhusu. Wakala hutazama mechi mbili, na alichokiona ndicho kinachokuwa thamani ya kijana. Ninavyoamini, uwezo wa baadaye wa kiungo haukadiriki kwa mechi mbili, hata na jicho la bingwa. Hukadiriwa kwa kumbukumbu za miaka, na anayezitunza ndiye mwenye haki na uwezo wa kupanga bei.

Mshambuliaji ana nafuu kwa sababu mabao hujihesabu yenyewe. Mbwana Samatta alitoka Simba ya Tanzania kwenda Mazembe mwaka 2011, na mwaka 2015 timu hiyo ilitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika huku yeye akiwa miongoni mwa wafungaji bora. Genk ya Ubelgiji ilipomsajili Januari 2016, haikuhitaji kubahatisha alichoweza kufanya mbele ya goli. Kiungo hana hesabu ya namna hiyo. Kazi yake kubwa hufanyika kabla mpira haujamfikia: ametazama wapi, amegeuza mwili upande gani, ameamua nini. Geir Jordet, mtafiti wa Norwei, aliwachunguza viungo wa Ligi Kuu ya Uingereza akihesabu mara ngapi wanageuza kichwa kutazama nyuma yao kabla ya kupokea pasi. Waliotazama zaidi ndio waliofikisha pasi nyingi zaidi mbele, na Frank Lampard alikuwa miongoni mwa vinara. Jambo hilo linahesabika kwa simu ya kawaida na daftari. Kocha wa kartie akimrekodi kijana mmoja mara moja kwa mwezi, tangu vumbi la kiangazi hadi matope ya masika, ataona kama anazidi kutazama, kama anatoa pasi mapema zaidi, kama akipoteza mpira anajua pa kukimbilia. Mimi ningetoa fedha kwa ajili ya daftari hilo kabla ya kutoa senti kwa video ya dakika tatu iliyojaa chenga.

Kinachowavutia wanunuzi badala yake ni mwili, na mwili wa kijana wa miaka 15 hudanganya. Duniani kote, timu za vijana hujaa waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka wa usajili, kwa kuwa miezi kumi ya kukua huonekana kama kipaji. Penye upungufu wa vyeti vya kuzaliwa, pengo hilo linaweza kuwa la miaka miwili au mitatu. FIFA ilianza kutumia picha za MRI za kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 mwaka 2009, lakini kipimo hicho huonyesha tu kama mfupa umekwisha kukomaa. Hakimwambii mtu tarehe ya kuzaliwa. Gharama ya karatasi zenye shaka ilionekana Juni 2021, Stuttgart ya Ujerumani ilipotangaza kwamba mshambuliaji wake Mkongomani, aliyejulikana kama Silas Wamangituka, jina lake ni Silas Katompa Mvumpa na umri wake umezidi kwa mwaka mmoja. Mchezaji alieleza kwamba wakala wake wa zamani ndiye aliyembadilishia utambulisho. Hata hivyo alifungiwa miezi mitatu. Kisa kama hicho humfanya mnunuzi amtilie shaka kila kijana anayetoka Kongo na kupunguza bei anayokubali kulipa, kwa hiyo timu ya Naviundu iliyoandika umri wa kweli huumia kwa kosa la mtu wa mbali.

Wapo watakaosema hata Ulaya, penye kompyuta na wataalamu, utabiri hukosewa kila msimu. Ni kweli. Wilfred Ndidi alijulikana katika timu za vijana za Nigeria kama beki wa kati. Genk ikamchukua kutoka Lagos mwaka 2015, na alipofika Leicester mwaka 2017 alikuwa kiungo mkabaji. Victor Wanyama wa Kenya alinunuliwa na Celtic mwaka 2011 kwa pauni zinazokadiriwa kuwa laki tisa, akauzwa Southampton mwaka 2013 kwa pauni milioni 12.5. Lakini ugumu huo wa kutabiri ndio unaoipa nguvu hoja yangu. Ikiwa hakuna ajuaye kijana atafika wapi, basi kumuuza moja kwa moja kwa bei ya leo ni kumwachia mnunuzi faida yote ya kesho. Kanuni za FIFA zimeliona hilo: 5% ya ada ya uhamisho wa kimataifa hugawiwa timu zilizomlea mchezaji kati ya umri wa miaka 12 na 23, yaani 0.25% kwa kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15, na 0.5% kwa kila mwaka baada ya hapo. Kwa ada ya pauni milioni 12.5, mwaka mmoja wa kumlea mtoto wa miaka 13 una thamani ya pauni 31,250. Kwa timu inayocheza kwenye udongo, hizo ni jezi, mipira na nauli za miaka mingi.

Pingamizi zito zaidi ni la njaa. Mzazi anayeletewa dola mia chache hawezi kuambiwa asubiri miaka saba, na simlaumu. Ila kusubiri si lazima kumaanishe kukataa fedha. Timu inaweza kupokea kidogo leo na kuandikiana na mnunuzi asilimia ya mauzo yajayo. Tena si kila kipaji lazima kivuke bahari: Trésor Mputu alikuwa nahodha wa Mazembe iliyotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2009, na akang'ara bila kucheza ligi ya Ulaya. Kwa wanaovuka, tangu Novemba 2022 malipo ya malezi yanapitia ofisi ya FIFA iliyoko Paris, kwa kufuata historia ya mchezaji inayokusanywa kutoka usajili wa kielektroniki wa mashirikisho. Jina la timu lisilokuwemo humo halilipwi, hata kama kartie nzima inajua nani alimfundisha kijana kupiga pasi. Shirikisho la Kongo na ligi zake za Lubumbashi zianze hapo: zisajili watoto wa miaka 12 kwa ada ambayo timu ya Naviundu inaweza kuimudu, na kila timu ipewe nakala yenye muhuri siku hiyohiyo.