Mkufu wa Dhahabu Umekatika: Ujitengenezee au Upeleke kwa Sonara?

Kabla hujagusa gundi wala plaizi, pima mkufu wako. Madalali wa vito mjini Voi wana mizani inayosoma hata sehemu ndogo za gramu. Mwombe mmoja akupimie, kisha upige picha uzito huo.

Gharama kubwa haiko kwenye ufundi, iko kwenye dhahabu inayopungua. Oktoba 2025 wakia moja, yaani gramu 31.1, ilivuka dola 4,000 katika soko la dunia. Kwa dola ya shilingi 129, gramu ya dhahabu safi ilipita shilingi 16,000. Karati 18 ni robo tatu dhahabu, kwa hiyo gramu yake ilikuwa kama shilingi 12,000. Kwa bei hiyo, mkufu ukirudi umepungua nusu gramu, umelipa shilingi 6,000 ambazo hazimo kwenye risiti.

Gundi kali ya dukani ndiyo rahisi kuliko zote, na usiinunue. Kiungo cha mkufu kinavutwa kila unapogeuza shingo, na jasho linailegeza. Sonara naye ataikuta imeganda, aisafishe kabla ya kulehemu, akutoze kazi hiyo. Kama umeshaipaka, itoe mwenyewe kwa asetoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha.

Risasi ya fundi redio ni mbaya zaidi. Inayeyuka kwa moto mdogo, ndiyo maana inashawishi. Lakini baadaye dhahabu ikipata moto mkali ikiwa na risasi hiyo, inakuwa ya kuvunjikavunjika, na sonara hulazimika kukata sehemu iliyoharibika. Gramu zinazokatwa ni zako.

Kazi ya kufanya nyumbani ni moja: kipete cha kuunganishia kilichofunguka bila kukatika. Azima plaizi mbili nyembamba, uzifunge selotepu zisikwaruze. Sukuma ncha moja mbele na nyingine nyuma hadi zikutane. Usizitanue kando, duara litaharibika. Hapo hujatumia hata shilingi.

Kifungo kikifa, cha dhahabu kitakugharimu sana. Cha fedha kinatosha, kwani kinakaa nyuma ya shingo. Cha chuma kisichoshika kutu ni rahisi na kinadumu, lakini ni kigumu kuliko dhahabu, nacho kitakula kipete kinachokishika.

Mkufu uliokatika katikati ni wa sonara. Anzia Voi. Mombasa masonara ni wengi na bei inajadilika, lakini ni kama kilomita 160. Ukiambiwa uuache, nauli inakuwa ya safari mbili, na anayetoka Wundanyi au Taveta anaongeza ya kufika Voi. Kiungo kimoja hakimalizi siku, kwa hiyo piga simu kwanza, uulize kama atakufanyia ukisubiri.

Uliza pia karati ya lehemu atakayotumia. Lehemu ya karati ya chini inapimwa pamoja na dhahabu yako, hivyo uzito unaweza kurudi uleule ilhali dhahabu imepungua. Kung'arisha nako mara nyingi hutozwa kando, na kunasugua dhahabu. Kama si lazima, kataa.

Tafuta alama ndogo karibu na kifungo: 375 ni karati 9, 585 ni 14, 750 ni 18, 916 ni 22. Mkufu usio na alama, na palipokatika panaonyesha rangi nyingine ndani, huenda umepakwa tu. Moto utaunguza rangi. Usiulipie lehemu, weka pesa zako.

Kama unachopeleka ni pete yenye jiwe la tsavoraiti la huku kwetu Kasigau, iangalie kwa makini zaidi. Jiwe hilo linaweza kupasuka joto likipanda au kushuka ghafla. Mwambie sonara alitoe kabla ya kuwasha moto, na mpatane mapema bei ya kulitoa na kulirudisha, na nani atalipa likipasuka.