Sangara mpakani: Ndoano, mshipi na chambo huchaguliwaje Busia na Tororo?

Katika mialo ya Sio Port na Port Victoria upande wa Kenya, na Majanji upande wa Uganda, mapato ya mvuvi huanza kuamuliwa kabla mtumbwi haujaingia majini. Zana dhaifu humpotezea samaki mkubwa. Zana isiyoruhusiwa yaweza kumpotezea mtumbwi, faini juu yake, na pengine uhuru wake.

Samaki anayewindwa zaidi ni sangara, ambaye Wakenya wengi humwita mbuta na Waganda mputa. Aliingizwa katika Ziwa Victoria katikati ya karne ya 20, na leo ndiye msingi wa biashara ya minofu inayouzwa ng'ambo. Huweza kufikia urefu wa karibu mita 2. Rekodi ya dunia ya sangara aliyevuliwa kwa ufito ni kilo 104.32, iliyowekwa mwaka 2000 katika Ziwa Nasser nchini Misri.

Kwa nini maji huja kwanza?

Sangara huhitaji maji yenye oksijeni nyingi. Kwa hiyo hukaa ziwani, karibu na miamba na vilindi, wala hapendi vinamasi vya mafunjo.

Mto Sio, ambao sehemu yake ni mpaka wa nchi hizi mbili, humwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Mto Malaba, unaopita upande wa Tororo, huelekea kwingine kabisa: maji yake huishia katika Ziwa Kyoga. Katika vinamasi vya mito hii wanaostawi ni kambare na kamongo, ambao huweza kuvuta hewa juu ya maji. Huko ndoano moja, mshipi wa kawaida na mnyoo hutosha. Anayebeba zana nzito za sangara kwenda kinamasini amejitwisha mzigo bure.

Mshipi na ufito

Wanaovua sangara kwa burudani, hasa chini ya maporomoko ya Murchison nchini Uganda, hutumia ufito mgumu kiasi wenye ncha inayopinda. Ncha hiyo hupokea kishindo samaki anaporuka na kutikisa kichwa. Rili yake huwa na breki inayoachia mshipi taratibu. Ikikazwa kupita kiasi, mshipi hukatika au ndoano hunyooka.

Mvuvi wa riziki hana rili. Mkono wake ndio breki, na mtumbwi unaovutwa na samaki humsaidia kumchosha.

Mdomo wa sangara una meno madogo mengi yanayokwaruza kama msasa, na vifuniko vya mashavu yake vina makali. Ndiyo maana kipande cha mwisho cha mshipi, kilicho karibu na ndoano, huwa kinene zaidi. Hata hivyo, si lazima kiwe waya wa chuma, kama wafanyavyo Wamarekani wanaomvua muskellunge, samaki wa maji baridi mwenye meno yanayokata uzi mara moja.

Chambo hai au bandia?

Sangara humezea windo lake mzima mzima. Wavuvi wa ziwani hutumia samaki wadogo walio hai, wakiwemo furu na kambare wachanga. Chambo hai huvutia, lakini hufa, na kukitafuta huchukua muda.

Chambo bandia chenye umbo la samaki hutumika tena na tena, na huvutwa nyuma ya mtumbwi au hurushwa kutoka ufukweni. Udhaifu wake ni bei: kikinasa kwenye mwamba, fedha zimezama. Kwa kina kifupi hufaa kinachoelea na kuzama kidogo kinapovutwa; kwa vilindi, kile chenye ulimi mrefu unaokisukuma chini.

Ukubwa wa ndoano na sheria

Namba za ndoano huwachanganya wanunuzi wengi: kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo ndoano inavyokuwa ndogo. Ndoano ndogo hunasa sangara ambao hawajazaa hata mara moja. Jike hukomaa akiwa mkubwa kuliko dume, na jike kubwa hutaga mayai kwa mamilioni. Kumvua mapema ni kula mbegu kabla ya kupanda.

Uganda hairuhusu sangara aliye chini ya sentimita 50, na wavu wa kumvulia hutakiwa kuwa na matundu yasiyopungua inchi 7. Mwaka 2017, jeshi la nchi hiyo lilianza kusimamia sheria hizi ziwani. Nyavu za uzi mmoja wa plastiki zimepigwa marufuku katika nchi zote mbili. Kenya inamiliki takriban asilimia 6 tu ya ziwa, hivyo mvuvi wake hufika haraka kwenye maji ya jirani, ambako zana zake zitakaguliwa na maofisa wa nchi nyingine.

Ndoano ina faida moja ambayo wavu hauna: samaki mdogo aliyenaswa mdomoni huweza kurudishwa majini akiwa hai. Ndoano iliyopinda kama duara husaidia zaidi, kwa kuwa hushika pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa hadi tumboni.

Kwa mnunuzi wa zana, maswali ni matatu, na kwa mpangilio huu: samaki gani, maji gani, sheria ya nani. Bei ya dukani hufuata baadaye.